Yah: Kupinga Kutafsiriwa kwa Mama Mkwe Wangu

Emanueli Mkumbo,
Fundi Cherehani,
Mlalo, Lushoto.

Kwa Bi. Mwanaidi Singano,
Mratibu wa Jumamosi ya Familia,
Maktaba ya Watoto.

Ndugu Mratibu,

Shikamoo. Najua nimekuzidi miaka kama minne, na kwa haki wewe ndiye ulipaswa kuanza, lakini shida niliyo nayo ni kubwa.

Kwanza nikiri kwamba sina ugomvi na Jumamosi ya Familia kwa ujumla wake. Mlipotuita wazazi tuje kupanda miche pamoja na watoto wetu, nilikuja na jembe langu mwenyewe. Mlipotutuma kuchora ramani ya njia ya kwenda chemchemi, nilichora, na ramani yangu ilisifiwa ingawa ilionyesha kanisa likiwa ndani ya maji. Siku ya kuhesabu vinyonga nilihesabu kumi na wanne bila kumgusa hata mmoja. Kwa hiyo asije mtu akasema mimi ni mzazi asiyependa elimu.

Ninacholalamikia ni kazi ya nyumbani namba tano, ile mliyoiita "Mkalimani wa Familia". Kila mtoto anatakiwa kutafsiri kwa Kiswahili maneno ambayo bibi au babu yake anayasema kwa Kishambaa, na kwa kila sentensi anabandikiwa nyota kwenye kadi. Kazi hii inabomoa nyumba yangu, na nitaeleza jinsi inavyoibomoa.

Mimi ni mtu wa Singida. Nilikuja Mlalo na cherehani yangu miaka kumi na miwili iliyopita, na mwaka uliofuata nikamuoa Janeth. Siku ya posa mjomba wake aliniuliza kama nitaelewana na mama mkwe, Bibi Rahabu, kwa kuwa nyumbani yeye huzungumza Kishambaa. Nikajibu mbele ya watu wote kwamba Kishambaa nimeshakijua, kimenichukua miezi mitatu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejifunza "onga mshi", salamu ya mchana, ambayo mpaka leo naitumia hata asubuhi. Tangu siku ile, kila mama anaponiambia jambo, natabasamu, naitikia kwa kichwa na kusema, "Ndiyo mama, kabisa." Janeth akiwepo, najifanya nina pini mdomoni. Tumeishi hivyo ua kwa ua, kwa amani, miaka kumi na mmoja, mpaka nyota zenu zilipofika.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu dawa. Kila asubuhi mama huja mlangoni kwangu, hunitazama kwa huruma na kuniuliza swali fupi. Namjibu kama kawaida yangu. Huondoka, na baada ya muda hurudi na kikombe cha maji ya mizizi, meusi, machungu kiasi kwamba hata nzi hayasogelei. Nimeyanywa kila siku nikidhani ni mila ya wakwe wa milimani, na nikajivunia kwamba naishika mila hiyo kuliko wenyeji. Nimewahi kuwasema vijana waliooa hapa kijijini kwamba wameidharau. Jumanne ya wiki iliyopita binti yangu Evelina, mwenye miaka tisa, alisimama kati yetu na kadi yake, akasikiliza vizuri, akasema, "Baba, bibi anauliza kama tumbo bado linakusumbua." Miaka kumi na mmoja, Ndugu Mratibu, nimekuwa nikijibu ndiyo, kabisa. Evelina alipata nyota yake. Mimi nilikunywa kikombe changu, maana ningeanzaje kupona ghafla mbele ya mtoto?

2. Kuhusu mfuko. Kila Krismasi namshonea mama gauni. Huja dukani, hushika kitambaa, hujipigapiga upande wa kulia wa kiuno na kueleza kwa kirefu. Siku zote nilidhani ananiambia kwamba gauni la mwaka jana lilimkaa vizuri, nami nikawa namshukuru. Evelina sasa ameniarifu kwamba bibi anaomba mfuko wa kuwekea miwani. Nimemshonea magauni kumi na moja na hakuna lenye mfuko. Haya yamenipata mimi, niliyeandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa duka: FUNDI ANAYEMSIKILIZA MTEJA.

3. Kuhusu kucheka. Hili naliandika kwa shida. Miaka minne iliyopita mama alikaa kwenye kigoda changu akanisimulia habari ndefu, macho yake yakimeremeta. Nikaona hiyo bila shaka ni hadithi ya kuchekesha, na kwa heshima yake nikacheka mpaka nikapiga meza. Aliinuka akaondoka, na kwa miezi miwili kikombe changu akawa anakiacha mlangoni bila kunisemesha. Nilidhani ana kazi nyingi shambani. Juzi alimsimulia Evelina habari ile ile, na Evelina akaniletea ikiwa imekamilika, bila kupunguza neno. Ilikuwa habari ya mtoto wake wa kwanza, aliyemzika akiwa na miaka mitatu, kabla Janeth hajazaliwa. Niliona aibu, aibu ya kweli. Sijui nimwombeje msamaha mtu ambaye kwa hesabu yake mimi nilimwelewa.

4. Kuhusu Mika. Huyu ni mdogo wake Evelina, ana miaka sita, na hajafikia umri wa kupewa kadi, lakini naye ameanza kutafsiri kwa kujitolea. Sentensi yoyote ya bibi yake, iwe ndefu au fupi, kwa Mika inaishia kwenye mandazi. "Bibi amesema baba ununue mandazi." Kwa kuwa sina njia ya kuhakikisha, nimenunua mandazi wiki mbili mfululizo kwa utii. Alhamisi mama alisimama uani akinyooshea kidole paa la choo na kusema kwa ukali. Mika akaniambia ni mandazi. Ijumaa paa likaanguka. Nauliza kwa heshima: maktaba yenye vitabu vingi namna ile imekosa hata kimoja cha kuwafundisha watoto kusema kweli?

5. Kuhusu siku ya kilele. Hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Tangazo lenu linasema kwamba Jumamosi ijayo vitawekwa viti viwili uso kwa uso, na kila mzazi atazungumza kwa Kishambaa na mzee wa nyumbani kwake kwa dakika tano, bila mkalimani, mbele ya mchungaji, shehe na mtendaji wa kata. Mama ameipokea habari hiyo kwa furaha ambayo sijaiona tangu harusi yetu. Evelina anasema bibi ameshapanga atakayoniambia na kwamba ni mengi. Niliposikia hivyo niliacha kula. Nikikaa pale na "ndiyo mama, kabisa" yangu kwa dakika tano nzima, kila mtu atajua. Zaidi ya yote, yeye atajua. Atajua kwamba siku zote hizo alikuwa akiongea na ukuta uliovaa shati. Naogopa aibu yangu, sitakuficha, lakini naogopa zaidi uso wake siku hiyo.

Kwa hiyo naomba viti vile viondolewe, na badala yake tukimbie na magunia, mchezo ambao hauhitaji lugha yoyote na ambao nina uhakika wa kumshinda mchungaji. Kama haiwezekani, basi nyota zitolewe kwa watoto wanaosikia jambo na kukaa nalo kimya, kwani hiyo nayo ni elimu. Kama hilo nalo ni gumu, watoto wafundishwe jedwali la kuzidisha mpaka la kumi na tisa, ili vichwa vijae na Kishambaa kikose pa kukaa. Na kama yote hayo yameshindikana, bibi wote wa tarafa hii waombwe kwa upole wasiseme chochote mpaka wajukuu wao wamalize darasa la saba. Kwa upande wetu ni miaka michache tu, na naahidi kumtembelea mama kila siku ili tukae kimya pamoja.

Kwa kifupi, Ndugu Mratibu, naomba nirudishiwe kutoelewa kwangu kama kulivyokuwa kabla ya kazi namba tano. Kulikuwa kwa zamani lakini kulikuwa kuzima, na kulitunzwa vizuri.

Nategemea kupata jibu kabla ya Jumamosi, kwa maandishi, na tafadhali kwa Kiswahili. Unisalimie Mzee Kassimu anayetunza ufunguo wa maktaba, Mwalimu Rukia wa vinyonga, pamoja na wazazi wote tuliopanda nao miche. Wangu haujafa, waambie, umelala tu.

Mimi mzazi mwenzako niliyelemewa,

Emanueli Mkumbo

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga mama alipoingia dukani leo mchana. Janeth yuko sokoni na watoto wako shule. Alikaa, akaanza kunieleza jambo refu. Nikatabasamu, nikafungua mdomo niseme lile neno langu, likakataa kutoka. Nikamwambia kwa Kiswahili, maana sina lugha nyingine ya kusemea mambo mazito, "Mama, sikuelewi. Sijawahi kukuelewa hata siku moja. Naomba unisamehe." Akanitazama mpaka nikashika mkasi bila sababu. Kisha akaniambia, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Haya, mwanangu, karibu. Nilikuwa nakusubiri useme." Tumeongea mpaka watoto wamerudi, na bado hatujamaliza hata mwaka wa kwanza. Kwa hiyo viti vile msiviondoe, hata kama sisi tutaongea kwa Kiswahili. Ila dakika tano hazitatutosha. Naomba mtuandikie ishirini.