Diski Iliyojaa Hukaa Kulia

Jumamosi, 3 Mei. Mwaka mmoja, miezi minane na siku kumi na moja tangu niondoke Tima, kwetu Misri.

Amman. Joto limeanza. Nimepandisha maboksi sitini ya karatasi ghorofani kwa mgongo huu huu. Sasa naandika nyuma ya kadi za harusi zilizoharibika. Upande wa mbele zinasema pepo ya watoto ni vitanda vyao, yaani msije nao.

Mke wangu kapiga simu. Akdi ya binti yetu Nawara ni Alhamisi tarehe 22. Kasema, "Baba Nawara, usipokuja, kaka yako Abdel-Aal ndiye atakayeshika mkono wa bwana harusi." Abdel-Aal! Mtu aliyeuza punda wangu akasema amekufa! Hapana. Katu.

Nikaenda kuomba ruhusa kwa Abu Kinan, mwenye kiwanda. Hakuinua hata macho. Tuko msimu wa harusi, akasema, na Mmisri wangu anataka kwenda harusini! Kisha akaniambia nisikilize kompyuta. Ndani yake diski inagonga: tik, tik, tik. Humo mna kadi zote tulizowahi kuchapa na zote tunazodaiwa. Ikifa hiyo, akasema, tuandae kadi za matanga.

Nimetoka na wazo. Chai imenipoea mkononi, siwezi kukaa.

Jumapili, 4 Mei

Nimemwambia Abu Kinan nitainakili diski yake mimi mwenyewe, yote, kwenye diski mpya. Kacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Mutasim, Msiria wa Daraa anayepanga kadi kwenye kompyuta, alishasema kazi hiyo inataka kiwanda kisimame siku mbili. Mimi nikasema Ijumaa moja inatosha, siku ya mapumziko. Abu Kinan kaacha kucheka. Tumepeana mikono: diski ikinakiliwa salama, napewa wiki mbili.

Najua kompyuta? Nimeipangusa vumbi mwaka mmoja na miezi minane. Daktari gani anamjua mgonjwa wake hivyo?

Jumatatu, 5 Mei

Kumbe programu za kunakili diski ni nyingi kuliko aina za jibini! Mutasim anasema ichukuliwe ile ya bure anayoitumia yeye. Nimeiona. Ya kijivu, Kiingereza kitupu, kama fomu ya polisi. Inaanza kutengeneza nakala ya akiba kwenye diski ya tatu, kisha inaikagua, kisha ndipo inaponakili. Nikamuuliza, ya nini diski ya tatu? Mtu akihama nyumba, anajenga kwanza nyumba nyingine ya kufanyia mazoezi?

Akasema, "Ami Khalaf, programu haichaguliwi kwa sura. Inachaguliwa kwa kuwa inakuuliza vizuri kabla ya kufuta."

Wivu. Anajua nikifaulu atakuwa wa pili.

Jumanne, 6 Mei

Nimejaribu ya pili, ya kulipia, unapewa siku chache za kuonja. Nimenakili nayo mafaili mawili tu ya majaribio. Ilifika tisini kwa mia, ikasimama, ikadai ufunguo. Kama mwenye teksi anayekushusha katikati ya daraja. Nimeifuta. Nimeifuta tena kwa hasira. Bado ipo.

Chakula cha mchana nimekula nimesimama. Miguu haitulii.

Jumatano, 7 Mei

NIMEPATA! Kando ya barabara mjini, kwa bwana mmoja anayeuza programu zilizopangwa juu ya shuka. Ya tatu ni ya Kiarabu! Kila neno! Nani kaitafsiri, hajui, na mimi sikuuliza zaidi. Ina picha ya kipanga mwenye macho makali. Mimi niliishia darasa la sita. Sasa nichague ile nisiyoielewa na inayofanya kazi, au hii ninayoielewa?

Mutasim kaitazama, kakuna kichwa, kauliza kama inaonyesha diski ipi ni ipi. Nikamwambia inaonyesha kipanga.

Nimempigia mke wangu. Nimemwambia aandae kanzu yangu ya kijivu. Abdel-Aal atakaa kiti cha nyuma, karibu na matandiko ya punda.

Ijumaa, 9 Mei

Siku yangu. Kiwanda kitupu. Nimeswali, nimechemsha chai ya majani ya maramia, nimekaa kwenye kiti cha Mutasim. Kinazunguka!

Diski mbili, kampuni moja, ukubwa mmoja, kama watoto wa tumbo moja. Skrini ikaonyesha visanduku viwili na mshale katikati. Ikasema: weka diski zako. Jambo rahisi. Kadi zote tunazochapa, baba wa bwana harusi anaandikwa kulia, baba wa bibi harusi kushoto. Unasoma kutoka kulia, unaingia kwa mguu wa kulia, unakula kwa mkono wa kulia. Iliyojaa nikaiweka kulia. Tupu, kushoto. Mshale nao ulielekea kulia, ukainyooshea ile iliyojaa kama kusema: ndiyo hii, Khalaf, shika hii.

Ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo. Ikauliza mara ya pili. Ndiyo. Mara ya tatu. Nikasema kwa sauti, "Ndiyo, bibi yangu, usiwe na shaka!"

Nilitarajia ichukue saa tano nzima. Imechukua dakika arobaini. Mashallah! Ikaandika: kazi imekamilika bila kosa lolote. Nimewaagiza nyumbani wachinje.

Jumamosi, 10 Mei

Haikudanganya. Kazi ilikamilika bila kosa. Diski mbili zinafanana kabisa, huwezi kuzitofautisha. Zote tupu.

Mutasim alizitazama muda mrefu. Akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza, kwamba mtafsiri alibadilisha maneno lakini mshale aliuacha kama walivyouchora Wazungu. Kwao mambo hutoka kushoto kwenda kulia. Nimechukua utupu wa diski mpya, nikaunakili kwa uangalifu mkubwa juu ya kadi za miaka tisa.

Abu Kinan hakupiga kelele. Alikaa juu ya boksi la karatasi. Akasema, "Khalaf, hata diski ilikuwa inajitahidi kuishi."

Kisha Mutasim akatoa diski ya tatu ndani ya kopo la biskuti. Akiba yake, kwa ile programu ya kijivu, aliifanya mwezi wa Shaabani bila kumwambia mtu. Miaka tisa imerudi! Nikapiga kigelegele cha kiume. Abu Kinan kaniambia nifunge mdomo. Kadi za tangu Shaabani hazimo. Familia arobaini na tatu. Nitazitembelea moja moja na karatasi mkononi, niulize upya majina, ukoo, ukumbi na saa. Mpaka ya mwisho, hakuna Tima.

Jumatano, 14 Mei

Familia kumi na tisa. Nimefika mji wa Salt, Zarqa, vilima vyote vya Amman. Hakuna tambarare nchi hii! Mzee mmoja alinitajia masheikh kumi na wawili wa ukoo wake, kisha akaanza upya kwa sababu nilimtanguliza mdogo. Nyumba ya jana posa ilishavunjika. Nilipouliza jina la bwana harusi, mama wa binti alinirushia kandambili. Nimeandika: hakuna kadi.

Nitawahi. Nikikimbia, nitawahi.

Jumanne, 20 Mei

Bado familia nane. Meli ya Nuweiba, ya kuvukia Misri, imeondoka leo Akaba bila mimi. Nimempigia Abdel-Aal mimi mwenyewe. Nimempa uwakala wa kumwoza Nawara. Hakunicheka. Kaniuliza kama ninakula vizuri. Bora angenicheka.

Alhamisi, 22 Mei

Nilikuwa ngazini Zarqa, nikienda kwa familia ya arobaini na mbili, simu sikioni. Nikasikia sauti ya kaka yangu: nimekuoza binti wa ndugu yangu Khalaf. Kisha vigelegele. Nawara alichukua simu akasema, "Baba, mbona unahema?" Nikamwambia ni hizi ngazi. Akasema nije basi sikukuu, atanipikia kwake.

Nitakwenda. Nina mpango.

Mutasim ana diski moja tu ya akiba, ndani ya kopo. Je, ikifa? Kesho Ijumaa hayupo. Nitainakili, niwape zawadi. Abu Kinan atanikumbatia. Yule bwana wa shuka kaniletea toleo jipya la Kiarabu, lenye vipanga wawili. Na safari hii nimeerevuka: mwanzo ni kushoto! Iliyojaa itakaa kushoto. Hata waliotengeneza wamejirekebisha, maana mshale nao wameugeuza, sasa unaelekea kushoto. Unainyooshea ile ile iliyojaa.

Nimeshamwambia Nawara. Siku ya Arafa, kabla ya adhuhuri, niko mlangoni kwake.