Zahanati Iliyokomaa Kabla ya Kuezekwa

Kwa furaha kubwa, Kamati ya Ukomavu wa Modeli za Majengo, yenye ofisi yake Engutoto, inautangazia umma kwamba zahanati mpya iliyo juu ya Nkoaranga imefikia Daraja la Tatu la Ukomavu. Mimi ndiye katibu. Ni kweli zahanati haijaezekwa, lakini mabati si kazi ya Kamati.

Modeli ni jengo zima ndani ya kompyuta, kuanzia msingi hadi kitasa. Kamati ilitafiti vigezo vinavyochangia ukomavu wake ikapata kumi na vinne, vikiwemo semina, projekta na kofia ngumu nyeupe. Mafundi hawakuonekana katika utafiti.

Dosari ilikuwa moja. Sifael, fundi mkuu, alijenga ukuta wa chumba cha wazazi hatua nne ndani ya pale modeli inapotaka. Mkurugenzi wetu, Godwin, akapanda mlimani kumhoji. Sifael ana umri wa baba yake, lakini Mkurugenzi ana cheo, kwa hiyo walisimama wakisubiriana shikamoo. Haikutoka.

"Kwa nini umekiuka modeli?"

"Pale ni mfereji, bosi."

"Modeli inasema ni njia ya miguu."

"Mlipima Jumanne. Jumanne maji ni zamu ya watu wa juu. Huku chini yanakuja Alhamisi."

Nilikagua kompyuta. Alhamisi haikuwemo. Nanyori, mwanakijiji mwenye mimba ya miezi minane, akauliza kama chumba kitakuwa tayari mwezi ujao, maana mwenzake aliteremshwa mlima kwa machela na mtoto akazaliwa kwenye majani ya kahawa. Tulimshukuru kwa maoni yake.

Iliamuliwa kwamba jengo lirekebishwe lifanane na modeli. Mkurugenzi angepiga nyundo ya kwanza mbele ya wageni. Siku iliyopatikana ni Alhamisi.

Ili wageni waone chumba sahihi, niliagiza meza kuu iwekwe nje ya ukuta wa Sifael, pale hasa modeli inapoonyesha vitanda vya wazazi. Kapeti jekundu, maua, cheti cha ukomavu ndani ya fremu. Sifael alitazama kapeti, akaenda kukaa kivulini. Niliona huo ni utovu wa nidhamu.

Saa nne kamili Bibi Elinipa, mwenyekiti wa mfereji, akafungua maji huko juu, kama anavyofanya kila Alhamisi. Mkurugenzi alikuwa kwenye neno "uendelevu" maji yalipomfikia kwenye soksi. Cheti kikaondoka kuelekea migombani. Wageni wakakimbilia ndani, nyuma ya ukuta unaosubiri kubomolewa, ambako palikuwa pakavu. Mimi nilikuwa wa kwanza, kulinda kompyuta.

Mkurugenzi akabaki katikati, maji magotini, nyundo mkononi.

"Mama, funga maji," akamwita Bibi Elinipa, aliyekuwa akishuka na jembe.

"Zamu inaisha jioni, mwanangu."

Nikafungua modeli kutafuta msaada. Kwa mujibu wake, Mkurugenzi alikuwa ndani ya chumba cha wazazi, kitanda cha pili.

Nanyori alikuwa amekaa juu ya ndoo nyuma ya ukuta, akimtazama bila kucheka.

"Hapo ndipo mlipotaka nijifungulie?"

Nami niliona aibu, jambo ambalo halimo katika majukumu yangu. Sifael akasogea ukingoni, akanyoosha mkono kumvuta Mkurugenzi juu.

"Shikamoo, mzee," akasema Mkurugenzi.

"Marahaba. Kwanza nipe hiyo nyundo."