Maonyo Nimeyafunika kwa Picha ya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeweka historia! Nimesasisha kerneli, yaani roho yenyewe ya Linux, mfumo unaoendesha kila kitu kwenye kompyuta ya duka la uchapaji la Shangazi. Ijumaa anatangaza nani awe mkuu wa kompyuta: mimi au binamu yangu, Mjuaji. Nikaiwasha mbele ya wote. Lahaula! Mistari ikaporomoka kwenye skrini: onyo, onyo, faili haipo. Shangazi akauliza kama inaungua. Nikamwambia hapana, inajinyoosha tu, imetoka usingizini. Mjuaji alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Mshenzi.

Jumanne, 4 Machi
Mjuaji kasema maonyo husomwa. Asome yeye! Mimi nimeyazima. Sasa ukiwasha, inatokea picha ya Shangazi akiwa bibi harusi, skrini nzima. Hata menyu ya kuchagua kerneli nimeificha, ilikuwa inamkata kidevu. Shangazi kalia kwa furaha. Kaizima na kuiwasha mpaka chai yake ikapoa. Ukuu huo, naunusa!

Jumatano, 5 Machi
Printa imenuna. Huwa inapokea kazi kwa mtandao wa hewani, na mtandao hauonekani. Kadi za harusi ya jirani yetu muuguzi zinatakiwa kesho! Nimeibembeleza, nimeipuliza, nimeipiga kofi. Muuguzi kaja, kakaa kwenye benchi, anahesabu majina ya wageni wake. Roho imeniuma kweli. Mjuaji kasema turudie kerneli ya zamani, iko kwenye menyu. Nikashikwa na kikohozi.

Alhamisi, 6 Machi
Mjuaji karudisha maonyo. La kwanza kabisa lilisema faili ya kadi ya mtandao, kile kifaa cha ndani kinachonasa mtandao wa hewani, haipo, na jina lake likatajwa wazi. Akaipakua kwa simu, akaiweka. Printa ikaanza kutema kadi! Muuguzi akapiga vigelegele, nami nikamnyanyua Mjuaji juu juu, nikasahau kwamba hatupatani. Nikaapa: onyo lolote nitalisoma.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu wa kompyuta ni Mjuaji. Sawa, kastahili. Lakini Shangazi kadai picha yake irudi, na hiyo ni kazi yangu peke yangu! Fundi cherehani wa mlango wa pili kaiona, naye anataka yake. Kasema kompyuta yake kila ikiwaka inaonya kwamba diski inakaribia kufa. Nikamwambia asijali, hayo ni maneno tu. Avae koti zuri, atabasamu.