Mtu Aliyenyamazishwa Kuliko Wote West Virginia

Jumapili, 4 Mei 1958

Mkutano wa Chama cha Sahani za Angani, sisi tulioona vyombo vya wageni wa sayari nyingine. Homer Stalnaker, kinyozi wetu, anadai sahani aliyoiona ilikuwa kubwa kama shule. Yangu, juu ya malisho ya jirani yetu Bi. Icie, ilikuwa sawa na beseni la kufulia. Ningesema kubwa zaidi, lakini mimi ni mkweli.

Ijumaa tunachagua atakayehutubia mkusanyiko mkubwa mjini Clarksburg. Maishani mwangu sijawahi kuitwa mbele za watu, isipokuwa kuhamisha piano. Lazima niende mimi!

Nimepata wazo. Shahidi wa kweli hutembelewa na watu wa siri wenye suti nyeusi, wanaomtisha afunge mdomo. Kila mwanachama anajua hilo. Homer hajatembelewa. Mimi pia bado. Bado!

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda mji wa pili kwa shemeji yangu Orval, kaka yake mke wangu. Kazi yake ni kuzika watu. Suti nyeusi anazo tele. Nikamwomba aje na msaidizi wake kesho, wasimame mlangoni kwangu wamekunja nyuso, kisha waondoke. Kakataa. Nikamwambia ni kwa faida ya sayansi. Kakataa. Nikaahidi kuipaka rangi nyumba yake. Kakubali.

Nimemwomba Arvella, mke wangu, akae dirishani akionekana ana hofu. Kasema ana maharage jikoni.

Jumatano, 7 Mei

Wamekuja! Orval kakunja uso vizuri mno, ana uzoefu. Mimi nimetoka barazani nimepauka. Nilijipaka unga.

Kasoro moja. Orval kaja na gari la maiti. Eti lile jingine liko kwa fundi! Hata saa haijapita, Bi. Icie huyo mlangoni na paja la nguruwe, chakula cha msiba, analia. Nyuma yake majirani wengine na makaroni, saladi ya viazi, pai za matofaa. Nikainua simu, ambayo tunatumia laini moja na mtaa mzima, nikakuta wote wanabishana aliyekufa ni mimi au Arvella. Arvella akaninyang'anya simu. “Nipo hai, na nawasikia!” Bi. Icie alinuna kidogo. Alikuwa ameshaoka.

Mtu mwingine angeaibika. Mimi nikasimama barazani, nikawauliza kwa sauti ya chini: gari la maiti limekuja, maiti hakuna, limekuja kumwonya nani?

Mmoja akaangusha bakuli. Nikaweka kidole mdomoni, nikaingia ndani. Sijawahi kujivunia kitu hivi! Paja la nguruwe lilikuwa tamu pia.

Ijumaa, 9 Mei

Uchaguzi. Nimekaa mbele, mdomo nimeufunga, macho nimeyatupa mbali. Ukumbi mzima ulinitazama mimi. Homer hakutazamwa na mtu.

Kisha Homer akasimama. Akasema hakuna kati yetu aliyeona mambo kama mimi, Delbert Cutlip. Kweli kabisa. Akasema Delbert akipanda jukwaani Clarksburg, atarudi ndani ya lile gari. Akapendekeza kwamba, kwa usalama wangu, mtu yeyote asiniulize tena habari za angani, milele. Wakapiga makofi, wengine wakifuta machozi. Mikono yote juu. Na wangu pia! Ningefanyaje? Walikuwa wananishangilia mimi.

Wakamchagua Homer.

Jumapili, 11 Mei

Jana Clarksburg. Nilikaa safu ya kwanza. Nusu ya hotuba ya Homer ilikuwa juu yangu! Watu wakanyoosha shingo wanione. Nikawapungia mkono.

Lakini alipofika kwenye sahani yangu akasema haikuwa na miguu. Ilikuwa nayo mitatu! Nikasimama nimsahihishe. Bi. Icie akaniziba mdomo kwa kiganja, safu nzima ikanivuta suti. “Nyamaza, Delbert! Watakuua!” Nikakalishwa.

Nyumbani Arvella kasema niwaambie ukweli, yaishe. Yaishe! Sasa hivi, ambapo jimbo zima hakuna aliyenyamazishwa kama mimi?

Leo nimeanza kuandika hotuba juu ya kunyamaza kwangu. Itachukua kama saa mbili. Arvella kauliza nani atanialika, ikiwa wote wamekubaliana wasiniulize neno. Swali la mtu asiyejua sayansi. Nitanyamaza kwa nguvu zaidi, mpaka washindwe kuvumilia.