Kanisa Letu Lifukuzwe, Ila Mimi Nibaki

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Makanisa ya Kibaptisti ya Bonde la Tallow,
North Carolina.

Ndugu Mwenyekiti, Mchungaji Culbreth,

YAH: OMBI LA KUFUKUZWA KWA KANISA LA HARMONY FORK

Nakusalimu katika jina la Bwana, nikitumaini goti lako limepona na nyuki wako hawajahama. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hauko sawa. Nimesikia kwamba mkutano wenu wa Oktoba hauwezi kulifukuza kanisa lolote mpaka mshirika wa kanisa hilohilo alalamike kwa maandishi. Basi mtu mmempata. Mimi, Hoyt Lassiter, mshirika wa Harmony Fork tangu nilipozamishwa mtoni kwenye maji ya Machi yenye barafu pembeni, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Wamemfanya mwanamke shemasi. Ni Dada Verlene Stroud, mwenye duka la chakula cha mifugo. Sina ugomvi naye. Mke wangu Mavis alipovunjika nyonga, ni Verlene aliyekuja kutukamulia ng'ombe kila asubuhi. Lakini ng'ombe ni ng'ombe na ushemasi ni ushemasi. Siku ya kura kanisa zima lilisema ndiyo, Mavis akiwemo, tena kwa sauti ya mtu anayeita kuku. Mchungaji wetu Gentry akauliza kama kuna anayepinga. Nikasimama peke yangu: "Mimi sitaki!" Nilikuwa tayari kuzomewa, hata tai nilivaa kwa ajili hiyo. Mchungaji akasema, "Jamani, Mbaptisti ndiye huyu. Dhamiri yake haijanunuliwa. Mpigieni makofi!" Wakapiga. Verlene naye akapiga. Hivi mtu anapinga kwa uchungu, anapigiwa makofi kama bibi harusi?

2. Wameninyima nafasi ya kuonewa. Kila kikao cha mwezi natoa hoja kwamba Verlene aondolewe. Taratibu zetu unazijua: hoja isiyo na wa kuiunga mkono hufa palepale, haijadiliwi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mara ya kwanza nilipoitoa, hakuna mkono ulioinuka. Nikamtazama Mavis, Mavis akatazama dari. Nikasema moyoni, heri, leo nitakuwa shahidi wa imani. Mara Verlene akanyoosha mkono.

"Naunga mkono," akasema.

Mchungaji akashtuka. "Dada, hoja yenyewe inasema uondolewe wewe!"

"Nimesikia, kwani mimi kiziwi? Sikubaliani naye hata chembe. Lakini mzee wa watu hawezi kuachwa amesimama pale kama nguzo ya uzio bila kusikilizwa. Haya, Hoyt, sema."

Nikasema mpaka koo likakauka. Akaniletea maji. Tukapiga kura, nikashindwa vibaya. Tangu hapo imekuwa ndiyo desturi. Nikienda dukani kwake kununua pumba ananiuliza mbele ya wateja, "Hoyt, hoja ya mwezi huu umeiandaa? Ile ya Juni ilikuwa ndefu mno, wewe. Punguza." Mchungaji Culbreth, kama hayo si mateso, nifundishe mateso ni nini.

3. Wameunda Kamati ya Kulinda Maoni ya Walio Wachache. Mwenyekiti ni mimi, katibu ni mimi, wajumbe ni mimi. Wametupa chumba chenye joto, kwaya wakaachiwa kile cha baridi. Kikao cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili tuligawanyika kuhusu siku ya kukutana, na mpaka leo hatusemezani.

4. Chakula. Nilisusia mlo wa pamoja wa Jumapili ili wajue nimekasirika. Nikabaki nimekaa barazani kwangu nimenuna, wakanifuata na sahani: kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi, na pudini ya ndizi aliyoipika Verlene mwenyewe. Kuilinda dhamiri yangu, pudini nikampa mbwa. Mbwa akalamba mara moja, akafumba macho. Nikamnyang'anya, nikala mwenyewe, maana kupoteza chakula ni dhambi. Mavis akaniita kutoka dirishani, "Susa, mume wangu, susa tu! Bakuli la pili hili hapa." Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, na Firauni wangu nimemuoa mwenyewe.

5. Hili ndilo kubwa. Wameniharibu. Majira ya kuchipua nilihama, nikavuka barabara kwenda Kanisa la New Harmony, lile lililojitenga na letu enzi za babu kwa sababu ya piano. Kule wananiafiki kwa kila jambo. Niliona raha, nikanenepa. Baada ya Jumapili kadhaa mchungaji wao akatangaza zulia jipya la kijani. Nikasimama kwa mazoea, "Mimi sitaki!" Hakuna aliyepiga makofi. Shemasi mmoja akanishika bega, akaniambia, "Mzee, huku mchungaji akishasema, yamekwisha. Kaa chini." Mimi! Nikae chini! Sijaambiwa neno hilo kanisani tangu nikiwa na meno ya utoto. Nikachukua kofia yangu, nikarudi Harmony Fork. Nikakuta kiti changu kitupu, na ule mto wangu wa kukalia umefuliwa. Sasa siwezi tena kuishi na watu wanaokubaliana nami, na wanaonipinga wananipenda. Niende wapi?

Kwa sababu hizo naomba kanisa letu lifukuzwe lote. Mimi nibaki. Mavis abaki, kwa kuwa sijui kupika. Kwaya ibaki, maana ndiyo inayojua nyimbo. Mchungaji Gentry abaki mpaka atakapomaliza mahubiri yake ya Kitabu cha Ayubu, ambayo kwa kweli yananigusa. Dada Verlene naye abaki japo hadi Novemba, kwa kuwa nina hoja nzito ya kumwondoa, na bila yeye hakuna wa kuiunga mkono. Waliosalia wafukuzwe bila huruma.

Nisalimie mama mchungaji, wazee wote wa Umoja, na yule binti wa ofisini kwenu anayepokea simu kwa upole. Mavis anakusalimu. Amesema barua hii niilete kwa miguu, labda nitachoka njiani nipate akili.

Wako mwenye dhamiri,

Hoyt Lassiter
Mwenyekiti, Katibu na Wajumbe, Kamati ya Walio Wachache

Baada ya sahihi: Kabla sijaenda posta, imefika karatasi yako ya imani, ile unayotaka kila mlalamikaji na kila kanisa waitie sahihi. Nimeisoma kwa miwani. Nakubaliana nayo neno kwa neno, hasa pale panapowakataza wanawake ushemasi. Nikashika kalamu, mkono ukagoma. Babu mmoja wa ukoo wetu, enzi za utawala wa Waingereza, alitupwa jela kwa kuhubiri bila kibali cha serikali, akaendelea kuhubiri kupitia dirisha la jela. Leo mimi nitie sahihi ili niruhusiwe kuamini ninachokiamini tayari? Nani kakupa kazi hiyo, Mchungaji?

Jana niliipeleka kikaoni. Nikatoa hoja kwamba Harmony Fork isisaini, si leo wala kesho. Watu wote wakageuka kumtazama Verlene. Akanyoosha mkono.

"Naunga mkono," akasema, "na safari hii nakubaliana naye, Bwana anihurumie."

Kanisa zima likasema ndiyo. Nikageuka kutafuta wa kupinga, japo kwa heshima ya utaratibu. Hakuna. Nililia, Mchungaji, sikufichi, na Mavis akanipa leso yake.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yafute. Barua naituma kwa sababu stempu nimeshaibandika. Mkitufukuza mtufukuze sote, na jina langu litangulie. Wajumbe wetu wa mkutano wa Oktoba ni mimi na Shemasi Verlene. Tunakuja na pikapu yake, pudini nimeipakata mimi. Hoja yangu ya Novemba iko palepale, naye anajua. Lakini mkileta ile karatasi mbele ya mkutano, nitasimama niseme sitaki. Na msijisumbue kuuliza kama nina wa kuniunga mkono. Ninaye.