Dhahabu Ndani ya Kompyuta ya Mama Rebeka

Jumanne, 4 Februari

Leo nimekabidhiwa laki sita. Mke wangu amezihesabu mezani mara mbili, mbele ya shemeji Herman, kana kwamba nakabidhiwa ofisi. Ni za kompyuta ya mezani na skrini yake. Nyongeza hakuna, amesema Mama Rebeka. Zikiisha zimeisha.

Namwelewa. Miaka tisa amekuwa akitoa dagaa Nkome, kule ziwani, na kuuza hapa Runzewe. Mgongo umechoka. Sasa ana chumba karibu na soko, ana printa aliyopewa na Herman, na mkuu wa shule, Mwalimu Mariana, amemwahidi kazi ya kuchapa mitihani ya shule tatu. Sharti moja tu: tarehe kumi na saba awe tayari. Asipokuwa tayari, kazi inakwenda kwa Mageni, mwenye steshenari ya stendi. Mama Rebeka kesho anakwenda Nkome kumalizia biashara, kwa hiyo Kahama kununua naenda mimi. Amesema ananiamini. Nimelifikiria neno hilo siku nzima.

Herman ni kaka yake, mwalimu wa sekondari. Ameniandikia karatasi: RAM nane, SSD, skrini bapa ya inchi ishirini na mbili. Akasema nifuate karatasi, nisifikiri. Nisifikiri! Mtu niliyeshinda kwenye maduara, mashimo ya dhahabu ya kule Bulyanhulu, miaka kumi na miwili.

Jumatano, 5 Februari

Nimekunywa chai na Maige. Tulichimba duara moja zamani. Nikamweleza safari yangu, akaniuliza kama najua kwamba ndani ya kompyuta mna dhahabu. Kwenye vile vipini vya njano vya kuunganishia vifaa. Tena za zamani ndizo zenye nyingi, za siku hizi wamebana matumizi.

Nikacheka. Njiani kurudi nikaacha kucheka. Kompyuta ya karatasi ya Herman ikifa, inakuwa takataka. Kompyuta yenye dhahabu ikifa, naichenjua, naitoa dhahabu yake, Mama Rebeka ananunua mpya. Mashine na akiba, vyote kwa laki sita. Ajabu ni kwamba mwalimu mzima hakuliwaza hilo.

Ijumaa, 7 Februari

Kahama. Duka la Onesmo, kijana mwenye heshima zake. Shikamoo mzee, kiti, maji. Akanitolea kompyuta ndogo nyembamba iliyolingana na karatasi kila kitu. Pamoja na skrini bapa, laki tano na themanini.

Nikaomba aifungue. Nikatoa tochi na lenzi yangu ya kuangalizia mawe. Akauliza natafuta nini, nikasema nakagua afya yake. Njano kidogo sana. Nikamwambia mwamba huu hauna kitu. Hakunielewa.

Nyuma ya duka, chini ya turubai, nikaziona mbili kubwa, zimezeeka mpaka weupe umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikamulika ndani. Njano juu, njano chini. Onesmo akasema hizo ni za spea, mzee, zinawaka lakini kwa subira. Nikauliza bei. Akaniangalia usoni, akaangalia lenzi, akasema laki mbili na nusu kila moja. Asubuhi angeniuzia kwa elfu hamsini, naamini. Lakini bei ilivyopanda nikajua nimepatia. Hata yeye anajua kilichomo.

Nimechukua zote mbili. Moja ya kazi, moja ya akiba. Iliyobaki ikatosha skrini ya chogo, ile ya kizamani yenye mgongo, elfu sabini. Kioo chake kizito sana. Karatasi ya Herman ilikuwa mfukoni muda wote. Sikutaka kuigusa.

Jumamosi, 8 Februari

Mama Rebeka amerudi kutoka Nkome. Alinawa mikono mara mbili kwa sabuni kabla ya kugusa kibodi. Akawasha. Tukasubiri. Akaenda kusonga ugali, akarudi, bado inafunguka. Ilipokuwa tayari akaandika jina lake, Generosa. Herufi zikaja baadaye, moja moja.

Akauliza kama ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi. Nikasema ni zaidi ya hiyo. Akasema wabeja, asante ya kwao, na akaipangusa vumbi kwa upindo wa kanga.

Jumatatu, 10 Februari

Herman amekuja. Hakukaa. Akachomeka printa, mashine haikuitambua. Akachomeka flashi ya Mwalimu Mariana, ikagoma kufungua hata faili moja. Akaniomba tutoke nje.

Nilitegemea matusi. Hakutukana. Akaniuliza kama najua laki sita zilitoka wapi. Nikasema kwenye dagaa. Akasema hapana, dada yake ameuza chanja zake zote za kuanikia kule Nkome, pamoja na nafasi yake ufukweni. Hana pa kurudi. Mama Rebeka alimkataza Herman asiniambie, kwa sababu alijua ningemzuia.

Ningemzuia kweli? Nimejiuliza mpaka jioni. Naona aibu. Sijui pa kuiweka.

Jumatano, 12 Februari

Bado siku tano. Nimeamua kurekebisha mwenyewe. Maige na mimi tumeivunja ile ya akiba nyuma ya nyumba, tukachoma vipande, tukasaga, tukaosha kwenye karai kama udongo wa duara. Moshi ulinuka vibaya, jirani akahamisha kuku wake na kuniuliza kama nina akili.

Kilichobaki tumekipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu. Akaweka kwenye mizani. Mizani haikushtuka. Akapuliza mizani, akaweka tena. Haikufika hata pointi moja ya gramu. Akasema kwa upole nirudi nikiwa na mzigo.

Ijumaa, 14 Februari

Nimemwambia Mama Rebeka yote. Lenzi, vipini, karai. Alikuwa anakunja nguo za watoto. Hakuacha kukunja.

Akasema: Baba Rebeka, kule ufukweni wameniuzia dagaa mbichi kwa bei ya wakavu, wamenichanganyia mchanga, na wote niliwashtukia. Wewe sikukukagua.

Basi. Heri angepiga kelele. Herman alimpigia Onesmo simu, akakubali kurudisha iliyobaki na skrini kwa laki moja. Laki moja hainunui kompyuta.

Jumatatu, 17 Februari

Mageni amepewa mitihani ya shule zote tatu.

Nimemsindikiza Mama Rebeka stendi asubuhi. Anakwenda Nkome miezi sita, kuanika dagaa wa watu kwa kibarua, kwenye chanja zilezile alizoziuza. Amebeba kikapu na godoro jembamba. Nilitaka kumwomba msamaha tena, akasema nisimcheleweshe gari. Kisha akanishika bega na kusema Rebeka ana daftari la hesabu linaisha, nisisahau. Gari lilipoondoka nimelia palepale stendi, mbele ya wauza mahindi. Sikujali.

Nimekaa kwenye chumba chake kitupu nikiwaza. Leo nimelielewa kosa langu, na nitaliandika hapa nisije kulirudia. Kosa langu lilikuwa kompyuta. Kompyuta ni chuma kitupu na plastiki. Maige amepita, tumelizungumza kwa utulivu, naye anakubali: dhahabu yenyewe iko kwenye simu za zamani. Za vitufe.

Mageni anatengeneza simu pia, na ana gunia zima la zilizokufa. Aliniuzia kwa elfu thelathini, akanishukuru mpaka nikamwonea huruma, hajui alichokitupa. Nimelifungia gunia chumbani kwa Mama Rebeka. Simwambii kitu. Nataka akirudi mwezi wa nane asibebe tena hata debe moja.

Daftari la Rebeka nitanunua wiki ijayo.