Jiwe Langu Lina Kiti Darasani

Jumatatu, 4 Machi
Umekuja! Mwezi mzima hukanyagi kwa mama yako, halafu ukifika unapekua shajara yangu chini ya mto. Nilijua, ndiyo maana nakuandikia wewe. Haya soma, mwanangu, mradi umekaa. Herufi mbovu? Kanifundisha binti yako.

Mwalimu wake anafundisha mizani. Waya wa kutundikia nguo, vikombe viwili, maharage huku, vifungo kule. Watoto wanagusa wenyewe, wanakosea wenyewe. Nimechungulia dirishani mpaka shingo ikakauka. Anataka bibi mmoja wa kumsaidia kila Alhamisi. Mmoja! Na mama mkwe wako, yule mkunga mstaafu, keshanyoosha mkono. Mimi darasa nimelifagia miaka, sijalikalia hata siku moja. Kiti hicho changu!

Jumanne, 5 Machi
Watoto wameamua: ubao mrefu juu ya gogo, bibi huku, bibi kule. Atakayeshuka ndiye mzito, ndiye mwenye kiti. Haki tupu! Ila homa ile, ambayo hukuja kuniuguza, imenila nyama. Dawa ninayo. Jiwe la kusagia, tumboni, ndani ya gauni. Nimejaribu kutembea nalo. Binti yako kauliza mbona naenda kama bata. Nimemwambia huo ndio mwendo wa heshima.

Jumatano, 6 Machi
Binti yako karudi kutoka shule anaruka. Eti wamegundua mwembamba akikaa mbali na gogo anamwinua mnene aliye karibu. Nimemwambia anawe mikono ale. Uzito ni uzito!

Alhamisi, 7 Machi
Jiwe limenivunja kiuno njiani. Nikajibwaga papo hapo kwenye ubao, jirani na gogo. Binti yako akaninong'oneza, Bibi, sogea mwisho. Nikamwambia asinifundishe kukaa, nimekaa kabla wewe hujazaliwa. Mkunga, mkavu kama ukuni, akaenda kukaa ncha kabisa.

Nikapaa! Gauni likaachia. Jiwe pu, likabingirika hadi miguuni kwa mwalimu. Mkunga akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Watoto wakacheka hadi kamasi.

Kiti kapewa yeye. Na jiwe langu watoto wameliomba, la kupimia. Limewekwa mbele, juu ya kiti chake chenyewe. Jiwe linasoma, mimi nipo nje!

Ijumaa, 8 Machi
Watoto wanataka tupande tena Alhamisi ijayo. Wananipenda, wana macho. Binti yako kalala mapajani mwangu akinibembeleza, Bibi, safari hii kaa mwisho. Nimembusu utosi. Nitakaa palepale! Kosa lilikuwa jiwe, lilikuwa dogo.

Ukija tena usiniletee sukari. Niletee jiwe la shangazi yako, lile la kubebwa na watu wawili. Na uje kabla ya Alhamisi.